Joto Linakwenda Wapi? Historia ya Kiyoyozi Kisichopooza

Mwezi wa pili mwaka huu mama yangu alishuka kutoka Makete kuja kukaa kwangu Kinondoni. Novemba alikuwa amepata kiharusi chepesi, mkono wa kushoto ukawa mzito, na daktari akashauri awe karibu na kliniki ya mazoezi ya viungo. Kwa asiyeijua Makete: ni juu milimani mkoani Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba umande huganda mashambani na watu hulala na mablanketi mawili matatu. Kwa asiyeijua Dar es Salaam mwezi wa pili: saa nane za usiku shuka linakung'ang'ania mgongoni kama limetolewa kwenye beseni la maji.

Nyumba yangu ina AC moja tu, na nilimpa Mama chumba chenye hiyo AC. Nilijiona mtoto mwema. Tatizo ni kwamba AC yenyewe ilikuwa inapuliza upepo lakini haipoozi. Ukisimama chini yake unausikia upepo, unausikia na mlio wake, ila chumba kinabaki vile vile. Mama alikuwa halali. Asubuhi ukimpima presha iko juu, na mimi niko ofisini nahariri habari za watu wengine huku nawaza za kwangu.

Fundi niliyemzoea alikuja, akafungua koki ya boksi la nje, akasema kile ambacho mafundi wengi wa AC hapa mjini husema: "Gesi imepungua, bosi." Akaongeza. Shilingi 80,000. Kweli, usiku ule Mama akaomba shuka la pili. Baada ya siku kumi tukarudi kule kule. Akaja tena, akaongeza tena. Mara ya tatu, wakati anafungasha mtungi wake, Mama aliyekuwa amekaa kitandani akimwangalia akauliza kwa sauti ya upole: "Mwanangu, hii gesi inaliwa na nani?"

Fundi akacheka. Mimi nikacheka pia. Lakini swali la Mama halikunitoka kichwani, na kazi yangu ndiyo hiyo, kufuatilia maswali ambayo watu wameyacheka. Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua tu kwa nini kiyoyozi changu hakipoozi, nikajikuta niko karne ya 19, kwenye meli iliyobeba barafu.

*

Tuanze na namba iliyo kwenye kibandiko cha AC yako. Ya kwangu imeandikwa 12,000 BTU. Wauzaji wa Kariakoo wanaitaja kama wanavyotaja saizi ya kiatu, na sisi tunaitikia kwa kichwa. Lakini namba hiyo ina ukoo wake. Mashine ya BTU 12,000 kwa saa ndiyo mafundi wa kimataifa wanaita "tani moja". Tani moja ya nini? Ya barafu. Maana yake ni kwamba kwa siku nzima, saa 24, mashine hiyo inaondoa chumbani joto lile lile ambalo lingehitajika kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kama kilo 907. Yaani kila siku ninapowasha AC kwa Mama, ni kana kwamba nimeleta chumbani mlima wa barafu wa kilo 907 na kuuacha uyeyuke.

Kwa nini tupime mashine ya umeme kwa barafu? Kwa sababu kabla ya mashine, baridi ilikuwa bidhaa ya kubebwa. Mwaka 1806 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipakia barafu iliyokatwa kwenye bwawa akaipeleka kisiwa cha Martinique, Karibi. Watu walimwona amechanganyikiwa, na safari ile ilimtia hasara. Hakuacha. Alijifunza kuifunika barafu kwa unga wa mbao, na mwaka 1833 meli yake, Tuscany, ikaondoka Boston na takriban tani 180 kuelekea Calcutta, India. Ilivuka ikweta mara mbili, miezi minne baharini, ikafika na kama tani 100. Barafu ya ziwa la Massachusetts ikauzwa kwa Waingereza waliokuwa wakitokwa jasho huko Bengal.

Angalia nani aliyenunua. Tangu mwanzo baridi ya kubebwa ilikuwa ya mwenye nacho. Aliyekuwa akiikata bwawani na aliyekuwa akiishusha bandarini hawakuwa wanywaji wa maji baridi.

Mtu wa kwanza niliyemwona kwenye historia hii akiifikiria baridi kwa ajili ya mgonjwa, kama mimi na Mama, ni daktari: John Gorrie, wa mji mdogo wa bandari uitwao Apalachicola, Florida. Miaka ya 1840 alikuwa na wagonjwa wa malaria na homa ya manjano waliokuwa wakiungua kwa homa kwenye joto la kinamasi. Aliamini, kama madaktari wengi wa wakati wake, kwamba ugonjwa unatokana na hewa mbaya. Neno lenyewe malaria kwa Kitaliano maana yake ni hiyo hiyo, hewa mbaya. Gorrie akaning'iniza mabakuli ya barafu karibu na dari ili hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, iwashukie wagonjwa. Ila barafu ilitoka kaskazini kwa meli, bei juu, na meli ikichelewa hakuna. Basi akaunda mashine: inabana hewa kwa pampu, inaiacha itanuke, na hewa inayotanuka inapoa hadi kugandisha maji. Mei 6, 1851 alipewa hataza yake nchini Marekani.

Hakupata wa kumwekea mtaji. Magazeti yalimkejeli. Alikufa mwaka 1855 akiwa amefilisika. Kuhusu chanzo cha malaria alikosea kabisa, kwani mbu alikuja kujulikana mwaka 1897 kwa kazi ya Ronald Ross. Lakini kuhusu mgonjwa anayehitaji kupoa alikuwa sahihi. Leo Florida, jimbo lenye wazee wengi waliohamia kutoka kwenye baridi, imeiweka sanamu yake katika jengo la Bunge la Marekani.

*

Sasa, huyu anayefuata nampenda kwa upendeleo wa wazi, maana ni mwenzetu. James Harrison alikuwa mhariri wa gazeti. Alizaliwa Uskoti, akahamia Australia, akaendesha gazeti la Geelong Advertiser. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisafisha herufi za chuma za kuchapia kwa kutumia etha, akagundua kuwa etha ikikauka chuma kinabaki baridi sana. Kila mtu aliyepakwa spirti kabla ya sindano anaijua hali hiyo. Kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke kinahitaji joto, na kinalichukua kwa jirani yake wa karibu, iwe ni chuma au ngozi yako.

Wengi tungeishia kushangaa. Harrison, katika miaka ya 1850, alitengeneza mashine ya barafu juu ya kanuni hiyo, ambayo Jacob Perkins alikuwa ameshaipatia hataza London mwaka 1834. Mzunguko wake ndio huo huo uliopo ukutani kwako leo. Kimiminika kinaachwa kigeuke mvuke ndani ya bomba: kinachukua joto la chumba. Mvuke unavutwa na kompresa, unabanwa mpaka unakuwa moto kuliko hata hewa ya nje. Unapitishwa kwenye koili ya nje, feni inaupuliza, joto linatoka, mvuke unarudi kuwa kimiminika. Kinarudi ndani kuchukua joto jingine. Basi. Hakuna kinacholiwa hapo. Kitu kile kile kinazunguka, kama ndoo inayoingia kisimani na kutoka.

Mwaka 1873 Harrison alijaribu kupeleka nyama iliyogandishwa kutoka Melbourne hadi London kwa meli iitwayo Norfolk. Ndani ya meli hakuweka mashine, alitegemea barafu na chumvi. Barafu iliisha njiani, nyama ikaoza, naye akafilisika. Alirudi kwenye kalamu. Mashine yake ilikuwa nzuri. Safari hiyo hakuipanda.

Miaka karibu 30 baadaye historia ikarudi tena kwenye kiwanda cha uchapaji. Brooklyn, New York, mwaka 1902. Kampuni ya Sackett-Wilhelms ilikuwa ikichapa kwa rangi, na kila rangi ilipigwa peke yake. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka. Leo umepiga rangi nyekundu, kesho hewa imebadilika, karatasi imetanuka kidogo, ukipiga ya bluu haikai mahali pake. Picha ya mtu inakuwa na midomo nje ya uso. Kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akapewa kazi ya kudhibiti unyevu. Michoro yake ina tarehe ya Julai 17, 1902. Alipitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili unyevu ugande na kudondoka, hewa ibaki na unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima.

Kumbe kiyoyozi cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu. Kilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Niliposoma hilo nilikumbuka gazeti nilikoanzia kazi. Chumba cha seva kilikuwa na AC mbili, chumba cha waandishi kilikuwa na feni moja iliyokuwa ikitikisa kichwa kama mzee anayekataa posa. Tulikuwa tunatania kwamba kompyuta zina chama cha wafanyakazi. Kumbe tulikuwa ndani ya mapokeo ya Carrier bila kujua. Baada ya karatasi zilifuata nyuzi za viwanda vya nguo, kisha majumba ya sinema ya Marekani miaka ya 1920, ambako watu walilipia tiketi ili wapoe. Chumba cha kulala kilikuja mwisho kabisa kwenye foleni.

*

Fundi wa pili nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Ni dada wa miaka ishirini na kitu, amesoma VETA, anakuja na begi la mgongoni na pikipiki ya bodaboda. Alimwamkia Mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akafanya jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifanya hata siku moja: hakugusa mashine. Aliuliza.

Ilianza lini? Ghafla au polepole? Usiku inapooza vizuri kuliko mchana? Nani aliweka hii AC? Ikaongezwa gesi mara ngapi? Nilipomwambia mara tatu ndani ya mwezi mmoja na nusu, alinyamaza kidogo, akasema kwa heshima: "Kaka, gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, imevuja. Hakuna njia ya tatu."

Ndilo jibu la swali la Mama. Hakuna anayeila. Inatoka.

Akaanza na vitu vya bure. Akachukua rimoti kuangalia kama iko kwenye kupooza au kwenye feni tu, maana anasema ameitwa Mbezi kwa AC "mbovu" iliyobonyezwa kitufe na mtoto. Ya kwetu ilikuwa sawa. Akatoa filta, akainyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na vumbi la wastani, akaiosha bombani. Filta ikiziba, alieleza, hewa haipiti vizuri juu ya koili, baridi inabaki huko huko ndani, koili inaweza hata kuota barafu, na mtu anadhani gesi imeisha wakati dawa ni maji ya bomba na dakika tano. Kisha akapima kwa kipimajoto. Hewa inayoingia juu ya mashine, nyuzi 29. Inayotoka, nyuzi 24. Tofauti ya nyuzi 5, wakati yeye hutegemea kuona 8 hadi 12.

Akatoka nje kwenye kichochoro, mimi nyuma yake. Bomba jembamba lilikuwa na ukungu wa barafu karibu na koki, na bomba nene, ambalo lingepaswa kuwa la baridi lenye kutokwa jasho, lilikuwa vuguvugu. Alinionyesha kwa kidole doa la mafuta kwenye nati ya muungio, limeshika vumbi mpaka likawa kama tope jeusi. "Oili ya kompresa inasafiri na gesi. Gesi inapotokea, oili inaacha alama." Akapaka povu la sabuni ya kuoshea vyombo. Tukasubiri. Vikatoka vipovu vidogo, kimoja kimoja, kama mtoto anayepumua majini. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka, pengine tangu siku ya kwanza, na mtu aliyekaza nati kupita kiasi. Miaka minne doa lile lilikuwa pale, usawa wa kifua changu.

Nilimuuliza kama anaweza kuongeza gesi kidogo tu ili Mama alale leo, halafu bomba tutalishughulikia mwisho wa mwezi. Si unajua mambo ya mwisho wa mwezi. Akakataa. Alisema, "Naweza, ila nitakuwa nakuibia wewe na kule juu." Akanyoosha kidole mbinguni.

*

Hapo ndipo historia ya gesi yenyewe inapoingia, na si nzuri sana.

Friji za mwanzo zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na methili kloridi. Zilipovuja ziliua. Albert Einstein, ndiyo, huyo huyo, pamoja na Leo Szilard walipata hataza ya Marekani mwaka 1930 ya friji isiyo na kompresa. Inasimuliwa kuwa kilichowasukuma ni habari ya gazeti kuhusu familia ya Berlin iliyokufa usingizini kwa sababu ya friji iliyovuja. Lakini aliyeshinda ni Thomas Midgley, mkemia wa Marekani aliyekuwa tayari ametuletea petroli yenye risasi. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipata gesi isiyonuka, isiyowaka, isiyo na sumu, ambayo dunia iliijua kwa jina la Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, aliivuta mapafuni kisha akaipuliza kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika, yeye akabaki mzima. Nani angebisha?

Gesi ile ilikuwa salama chumbani. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba ikifika juu sana angani inavunjwa na mwanga wa jua, klorini inatoka, na klorini hiyo inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal ikasainiwa, na viwanda vikahama kwa awamu. AC nyingi za zamani hapa kwetu zinatumia R22, ambayo madhara yake kwa ozoni ni madogo kuliko ya zile za mwanzo lakini yapo, nayo inaondolewa. Ya kwangu ni R410A. Haina klorini, haigusi ozoni kabisa. Ila inashika joto la dunia mara 2,088 kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito, ukihesabu kwa miaka 100.

Na mkutano wa kushughulikia kosa hilo jipya ulifanyika hapa jirani. Oktoba 15, 2016, mjini Kigali, baada ya majadiliano yaliyokesha, karibu nchi 200 zilikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza 2019. Nchi nyingi za Afrika zilitakiwa kusimamisha ongezeko lake 2024. India, Pakistani na nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, zikapewa hadi 2028. Nakumbuka habari ile ilipofika dawati letu. Iliwekwa ukurasa wa ndani, safu moja. Mimi ndiye niliyeifupisha.

Sasa hesabu ya nyumbani. Kibandiko changu kinasema mashine inabeba gramu 850. Zidisha kwa 2,088: ni sawa na takriban kilo 1,775 za hewa ya ukaa. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kama kilo 2.3. Kwa hiyo kila mtungi kamili ulioponyoka kwenye ile nati ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 750 za petroli bila kwenda popote. Mimi ninayepanda mwendokasi na kujisifu kwamba sina gari.

*

Lakini fundi alikuwa hajamaliza. Akiwa bado kichochoroni aligonga bati lililosimamishwa mbele ya boksi la nje, umbali wa kama shubiri mbili. "Na hili?"

Nililijua lile bati. Liliwekwa mwezi wa 12, nikadhani ni la kukinga mvua. Kichochoro chenyewe kina upana wa mita moja hivi kati ya ukuta wangu na nyumba ya wapangaji. Fundi alieleza kwamba boksi la nje kazi yake ni kutupa joto. Hapa linapuliza, joto linagonga bati, linarudi nyuma, feni inalivuta tena. "Mashine inakula matapishi yake," alisema, samahani kwa lugha. Hata ningeziba nati na kujaza gesi sawasawa, bado ingehema.

Nyuma ya bati kulikuwa na dirisha lenye wavu wa mbu. Nikazunguka kugonga hodi, na nakiri nilikwenda nimekasirika kidogo. Anayeishi pale ni dada mmoja anayepika vitumbua. Anaamka saa tisa usiku, analala mapema, yeye na mwanawe wa miaka mitatu. Nikamsalimu, nikamuuliza kuhusu bati.

"Kaka, ni mimi nimeliweka," alisema. "Ule moto unaingia dirishani kama mtu ameniwekea jiko. Mtoto ametoka vipele vya joto mwili mzima. Mwanzo nilitaka kuja kukwambia, nikaogopa utaona nina wivu. Halafu nikasikia umeleta mgonjwa. Nikasema basi, acha niweke bati."

Sikuwa na la kusema. Niliangalia shingo ya yule mtoto.

Katika kila nilichokisoma kuhusu Tudor, Gorrie, Harrison na Carrier, jambo moja lilikuwa wazi nami sikuwa nimelielewa: mashine hizi hazitengenezi baridi. Hakuna kitu kama kutengeneza baridi. Zinahamisha joto kutoka kwa mtu mmoja kwenda mahali pengine, na kuongeza juu yake joto la umeme uliotumika. Swali ni mahali pengine ni wapi. Kwangu mimi mahali pengine palikuwa na kitanda, na mtoto juu yake.

Wazee wa pwani walikuwa na njia yao, na haikumbebesha jirani mzigo. Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ndefu, ua katikati, na vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa baraza pana ghorofa kwa ghorofa ili jua lisiguse ukuta wa ndani. Ng'ambo ya Ghuba walijenga minara ya kudaka upepo na kuuelekeza vyumbani. Hata baada ya uhuru, Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970, aliliezeka kwa miamvuli mikubwa ya zege inayokusanya maji ya mvua na kuacha hewa ipite chini yake. Na Upanga bado kuna maghorofa yenye kuta za matofali ya matundu. Kisha tukaingia kwenye vioo vya kufungwa pande zote na bati lisilo na dari ya maana, tukaziba matundu ili AC ifanye kazi, na sasa bila AC hakukaliki. Simaanishi kwamba zamani kulikuwa raha kwa wote. Wapo waliojenga zile kuta nene na hawakuruhusiwa kulala ndani yake. Nasema tu kwamba kivuli hakihitaji mtu wa kupokea joto lako.

*

Kazi ilichukua siku mbili. Dada fundi alivuta kwanza gesi iliyobaki akaiweka kwenye mtungi wake badala ya kuiachia. Akakata mdomo uliopasuka, akatengeneza mpya, akasukuma naitrojeni kupima kama kuna pengine panapovuja, akatoa hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi kwa kupima kwenye mizani, gramu kwa gramu, akiongeza kidogo kwa ajili ya urefu mpya wa bomba. Maana boksi la nje tulilihamisha. Liko juu ya ukuta wa nyuma, upande wa barabara, limepuliziwa wazi. Jumla shilingi 320,000, pamoja na bomba la mita tatu na vyuma vya kushikilia. Ukijumlisha na zile 240,000 za mwanzo zilizokwenda angani, naona aibu kuendelea na hesabu.

Alipopima tena, iliingia 28, ikatoka 17. Alinishauri niweke 26, niache na feni ya kawaida ikizunguka, nioshe filta kila baada ya wiki mbili. Mama analala. Presha yake haijakaa sawa kabisa, ila haipandi kama mwanzo, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kimeanza kubana kikombe. Mchana anazima AC mwenyewe, anafungua mlango, anakaa ukumbini penye upepo. Siku nyingine yule mtoto huja kukaa naye, wanamenya njugu. Vipele vimekauka.

Bati dada wa vitumbua amelirudisha kwenye banda lake la kupikia. Alinishukuru, jambo lililonisumbua zaidi kuliko kama angenitukana.

Chini ya ukuta wa nyuma, upande wa barabara, kuna vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Wiki iliyopita niliona wamelisogeza benchi lao hatua tatu. Nilikwenda kuwauliza kabla hawajatafuta bati. Wakasema, "Hamna shida, bro, kule kuna kivuli cha mwarobaini." Nimewaachia namba yangu.